Mfupa Uliokufa kwa Dawa: Jinsi Ugonjwa Ulivyopata Namba Yake

Mwaka 1948 ulizaa mambo mawili ambayo wakati ule hakuna aliyeyaona kuwa na undugu. Mwezi Aprili wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Paris kurekebisha kwa mara ya sita orodha ya kimataifa ya magonjwa, na mwezi Julai mkutano wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani, huko Geneva, ukaipitisha. Orodha hiyo, iliyokuwa kwa nusu karne daftari la sababu za vifo tu, sasa ikaanza kuhesabu pia maradhi ya watu walio hai. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Septemba, katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, daktari Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic walimdunga mwanamke wa miaka 29 sindano ya dutu waliyoiita Kampaundi E. Mwanamke huyo alikuwa na baridi yabisi kali iliyomfanya ashindwe hata kujigeuza kitandani. Siku chache baadaye alikuwa anatembea. Haikupita wiki nzima, akatoka kwenda madukani mjini.

Dutu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa kotisoni, mzazi wa ukoo wa dawa tunazozijua leo kama steroidi: prednisoloni, methilprednisoloni, deksamethasoni. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Walistahili. Wagonjwa wa pumu, wa lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia), wa figo na wa saratani ya damu wameishi kwa sababu ya kazi yao, na chochote nitakachosema hapa hakiipunguzii heshima hiyo.

Lakini ndani ya muongo mmoja ilianza kuonekana kwamba baadhi ya waliopona kwa dawa hiyo walirudi hospitali wakichechemea. Maumivu yalianzia kwenye kinena au paja, na picha za eksirei zikaonyesha kichwa cha mfupa wa paja kimebonyea. Mfupa ulikuwa umekufa. Tangu hapo kuna historia mbili zinazokwenda sambamba: ya madaktari waliojifunza kwamba dawa inaweza kuua mfupa, na ya makarani, wanatakwimu na maafisa kumbukumbu waliotafuta namna ya kuliandika jambo hilo ili lihesabike. Ya kwanza imesimuliwa mara nyingi. Ya pili haisimuliwi kabisa, nami nadhani ndiyo inayotugusa zaidi, kwa sababu mgonjwa ambaye ugonjwa wake haukuandikwa ipasavyo hayumo katika hesabu yoyote, na asiyehesabiwa hapangiwi fedha, wala dawa, wala kiungo bandia.

Mfupa ni kiungo hai. Una damu, una uboho, una chembe zinazojenga na chembe zinazobomoa usiku na mchana. Kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachoingia katika kikombe cha nyonga, kiko pabaya zaidi kuliko sehemu nyingine nyingi, kwa kuwa damu yake huja kwa mishipa midogo inayokipanda shingoni, na ikiziba hakuna njia nyingine ya kutosha. Steroidi kwa dozi kubwa hunenepesha chembe za mafuta ndani ya uboho, na kwa kuwa mfupa hautanuki, shinikizo hupanda na damu hubanwa. Matone ya mafuta na mabonge ya damu huweza kuziba mishipa. Chembe za mfupa zenyewe nazo hufa kwa athari ya dawa. Watafiti hawajakubaliana ni ipi kati ya njia hizi inayotangulia, na inaelekea zote zinashirikiana.

Kinachotisha ni ukimya wake. Kwa miezi mfupa hufa pasipo picha ya eksirei kuonyesha lolote. Ni kama embe linalooza karibu na kokwa huku ganda likiwa zima. Kipimo cha MRI, kilichoenea kuanzia miaka ya 1980, ndicho kinachoona mapema. Baadaye ufa mwembamba hutokea chini ya gegedu, uso wa kichwa cha mfupa hushuka, na nyonga huanza kusagika. Mara nyingi ni nyonga zote mbili, na mara nyingi mwenye nyonga hizo ana umri wa miaka 30 au 40, wakati ambao mtu analea, analima, anabeba mizigo. Goti, muundi na kifundo cha mguu pia huweza kupatwa, ingawa kwa uchache. Mfupa uliokwisha kubonyea haurudi ulivyokuwa. Kinachobaki mara nyingi ni upasuaji wa kuweka nyonga bandia, ule ambao John Charnley aliufanya kuwa wa kutegemewa nchini Uingereza kuanzia mwaka 1962.

Kufa kwa mfupa kulijulikana zamani kabla ya kotisoni. Mwaka 1794 daktari mpasuaji James Russell wa Edinburgh alichapisha kitabu kizima kuhusu ugonjwa huo, ingawa mifupa mingi aliyoiona ilikuwa imeharibiwa na usaha. Ilichukua zaidi ya karne moja kabla ya madaktari kutenganisha kwa uhakika mfupa unaouawa na vijidudu na mfupa unaokufa kwa kukosa damu. Katikati ya safari hiyo ulitokea mkasa wa viwanda vya viberiti. Mwaka 1845 Friedrich Wilhelm Lorinser wa Vienna alieleza wagonjwa ambao taya zao zilioza kwa mvuke wa fosforasi nyeupe. Wanawake na wasichana wa kiwanda cha Bryant & May, London, waligoma mwaka 1888, na taya zilizooza zilikuwa sehemu ya sifa mbaya ya kazi yao. Mkataba wa Bern wa mwaka 1906 ukaja kupiga marufuku fosforasi hiyo katika viberiti. Naugusia mkasa huu kwa sababu moja tu: hapo ndipo dunia ilipokubali kwa maandishi kwamba kemikali inayotoka mkononi mwa binadamu inaweza kuua mfupa, na kwamba mwenye kosa anaweza kutajwa.

Wakati huohuo kazi ya kuorodhesha magonjwa ilikuwa ikikua kwa njia yake. John Graunt, mfanyabiashara wa London, alikuwa amechambua hati za vifo vya jiji lake tangu mwaka 1662. Karne ya 18 ikawaleta François Bossier de Sauvages wa Ufaransa, Linnaeus wa Uswidi na William Cullen wa Edinburgh, ambao waliyapanga magonjwa katika jamii na koo jinsi mimea na wanyama wanavyopangwa. Orodha zao zilipendeza chuoni na hazikumsaidia sana karani wa vifo. Aliyemsaidia ni William Farr, aliyeanza kazi katika ofisi ya usajili ya Uingereza baada ya kufunguliwa mwaka 1837. Farr alisisitiza kwamba sababu moja ya kifo iitwe kwa jina moja kila mahali, la sivyo takwimu hazifai kitu. Mkutano wa takwimu wa Brussels wa mwaka 1853 ukamwagiza yeye na Marc d'Espine wa Geneva watayarishe orodha. Miaka miwili baadaye, Paris, ikapitishwa orodha ya vichwa 139. Florence Nightingale naye alipendekeza mwaka 1860, katika mkutano wa London, hospitali zote zitumie fomu za aina moja. Kisha Jacques Bertillon wa Paris akawasilisha Chicago, mwaka 1893, orodha iliyokuja kuwa babu wa zote tunazotumia.

Ubaya, kwa habari yetu, ni kwamba zote hizi zilikuwa orodha za waliokufa. Mtu hafi kwa kubonyea nyonga. Anaishi miaka 30 akichechemea, anaacha kazi, anauza shamba kwa matibabu, na siku anapofariki cheti kinaandika moyo au nimonia. Kwa orodha ya Bertillon mtu huyo hakuwahi kuugua. Ndiyo maana mwaka 1948 ni muhimu kuliko unavyoonekana: orodha ya sita ilipofungua mlango kwa magonjwa yasiyoua, ilifungua pia mlango kwa mfupa uliokufa ndani ya mwili ulio hai.

Kulikuwa na jambo jingine la lazima kabla ya namba yoyote kuwa na maana, nalo lilitokea palepale Rochester. Mwaka 1907 daktari Henry Plummer wa Mayo, akisaidiwa na Mabel Root, aliacha utaratibu wa kila daktari kuwa na daftari lake na kuanzisha faili moja kwa kila mgonjwa, likiwa na kila alichoandikiwa na kila mtu. Kabla ya hapo, daktari wa ngozi aliyetoa dawa na daktari wa mifupa aliyeona nyonga iliyokufa miaka miwili baadaye wangeandika katika vitabu viwili visivyokutana kamwe. Ugonjwa unaotokana na dawa hauonekani katika ukurasa mmoja. Huonekana pale kurasa mbili zinapowekwa pamoja.

Mwaka 1957 madaktari wa Italia, Pietrogrande na Mastromarino, waliziweka pamoja. Waliripoti mgonjwa aliyetibiwa kwa muda mrefu kwa steroidi kwa sababu ya ugonjwa wa malengelenge ya ngozi, kisha akafiwa na kichwa cha mfupa wa paja. Mwaka 1960 Dubois na Cozen wa Marekani wakaandika kuhusu wagonjwa wa lupasi. Miaka hiyohiyo upandikizaji wa figo ulianza kuwezekana, na steroidi zilikuwa miongoni mwa dawa zilizouzuia mwili kuikataa figo ya mgeni. Kliniki za wapandikizwaji zikawa mahali pa kuwaona vijana wenye figo mpya na nyonga zilizokufa. Huko Toulouse, Paul Ficat na Jacques Arlet walipanga hatua za ugonjwa, kutoka mfupa unaoonekana mzima kwenye eksirei hadi nyonga iliyosagika, na mpangilio wao bado unatajwa katika wodi hadi leo.

Kama sayansi ilikuwa imeshafika hapo, orodha je? Polepole mno. Marekebisho ya tisa, yaliyokubaliwa mwaka 1975, katika toleo la Marekani lililoanza kutumika mwaka 1979, yalikuwa na namba 733.4 kwa kufa kwa mfupa bila vijidudu, na tarakimu ya mwisho ilitaja mahali: 733.42 ilikuwa kichwa na shingo ya mfupa wa paja. Sababu haikuwamo. Aliyeanguka kutoka mnaziani, aliyezama baharini na kupanda haraka, na aliyemeza prednisoloni mwaka mzima wote waliishia katika namba hiyo moja. Ilikuwapo njia ya kutaja dawa, kwa namba ya ziada E932.0 ya homoni za tezi za adrenali, lakini namba za E zilikuwa za hiari katika sehemu nyingi, na kilicho cha hiari mbele ya karani mwenye rundo la mafaili huachwa. Sioni sababu ya kumlaumu karani.

Msukumo wa kuzitaja dawa kwa jina ulitoka kwingine. Mwaka 1961 ilifahamika kwamba thalidomidi, iliyotolewa kwa wajawazito, ilisababisha watoto kuzaliwa bila mikono au miguu. Uingereza ikaanzisha kadi ya njano ya kuripoti madhara ya dawa mwaka 1964. Shirika la Afya Duniani likaanzisha programu yake ya kimataifa mwaka 1968, ambayo tangu mwaka 1978 kitovu chake kiko Uppsala, Uswidi. Tangu hapo ikawa vigumu zaidi kulificha kosa la dawa chini ya jina la ugonjwa. Marekebisho ya kumi, yaliyopitishwa mwezi Mei mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 1994, ndiyo yaliyofanya nililokuwa nikilisubiri katika historia hii yote. Kufa kwa mfupa kukapewa M87, na ndani yake sababu zikatenganishwa: M87.0 kwa kusikojulikana chanzo, M87.1 kwa kunakotokana na dawa, M87.2 kwa jeraha la zamani, M87.3 kwa vyanzo vingine. Mifupa inayokufa kwa selimundu na magonjwa mengine ya himoglobini ikawekwa kando, M90.4, na ya wazamiaji M90.3. Hatimaye dawa ilikuwa na mstari wake.

Marekani haikuhamia huko hadi tarehe 1 Oktoba 2015, na ilipohamia ilikuja na toleo lake lenye takriban namba 70,000. Hapo mguu uligawanywa kwa undani ambao Farr asingeuota. M87.151 ni mfupa wa paja la kulia uliokufa kwa dawa, M87.152 wa kushoto. M87.161 ni muundi wa kulia, M87.162 wa kushoto. Mfupa mwembamba unaoambatana na muundi una M87.164 na M87.165. Kifundo cha mguu, unyayo na vidole vina fungu lao, M87.17. Zipo pia namba za kukata tamaa, kama M87.159, yaani paja ambalo aliyeandika hakusema ni la upande gani.

Kanuni zinazozisindikiza namba hizi zinafaa kuelezwa, kwa kuwa ndani yake mna busara ya karne nzima. Kwanza, mahali pa ugonjwa huu ni mfupa, hata kama unaouma ni ungio. Daktari anasema nyonga, mgonjwa anasema nyonga, lakini kilichokufa ni paja, na karani huandika paja. Pili, namba moja haitoshi. Inatangulia namba ya mfupa uliokufa, ikifuatwa na ya dawa iliyousababisha. Kwa steroidi ni T38.0X5, ambapo ile 5 inasema kwamba dawa ilitolewa sawasawa na kutumiwa sawasawa, na bado ikadhuru. Ingekuwa mgonjwa amekunywa kwa makosa au kuzidisha, tarakimu hiyo ingebadilika na habari ingekuwa ya sumu. Kama bado anaitumia dawa kwa muda mrefu, huongezwa Z79.52, na ugonjwa ulioanzisha matibabu, tuseme lupasi, nao hupata namba yake. Tatu, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, karani haruhusiwi kubuni uhusiano. Hata akiona katika faili kwamba mgonjwa alipewa prednisoloni miaka miwili, hata akiona picha ya MRI yenye nyonga zilizokufa, hawezi kuandika M87.1 mpaka mtabibu aseme kwamba hiki kilitokana na kile. Anachoweza ni kumrudishia daktari faili na kumwuliza.

Basi kila kitu kinategemea sentensi ya daktari. Tuchukue mgonjwa mmoja na kumwandikia kwa namna mbili. Ya kwanza: “Maumivu ya nyonga. AVN. Apelekwe kwa bingwa.” Herufi hizo tatu, zinazozagaa katika mafaili ya hospitali, zinasema tu kwamba mfupa umekosa damu, karani hana upande, hana chanzo, na mgonjwa anaangukia M87.9, fungu la wasiofafanuliwa. Ya pili: “Kichwa cha mfupa wa paja la kulia kimekufa kwa sababu ya prednisoloni, miligramu 40 kwa siku tangu Januari hadi Aprili kwa ajili ya lupasi, MRI inaonyesha ufa, uso bado haujabonyea.” Sentensi hii haimchukui daktari hata dakika moja. Kwa hiyo mgonjwa anapata M87.151, T38.0X5 na namba ya lupasi; kampuni ya bima inajua kwa nini anaomba MRI ya nyonga ya pili; na mwenye kutafiti madhara ya dawa anampata miaka 10 baadaye.

Nimetaja dozi makusudi. Mwaka 2019 chama cha kimataifa cha watafiti wa ugonjwa huu, ARCO, kilikubaliana juu ya vigezo vya kuuita ugonjwa kuwa wa steroidi: mgonjwa awe ametumia zaidi ya gramu 2 za prednisoloni, au kiasi kinacholingana nacho cha dawa nyingine ya ukoo huo, ndani ya miezi 3, na mfupa ugundulike umekufa ndani ya miaka 2 tangu matumizi hayo. Mgonjwa wa sentensi yetu ya pili, kwa miligramu 40 kila siku, anazipita gramu 2 baada ya siku 50. Bila dozi na tarehe katika faili, kigezo hiki hakipimiki.

Ushahidi mkubwa wa umuhimu wa dozi ulitoka Asia. Mlipuko wa SARS wa miaka ya 2002 na 2003 uliwapata watu wapatao 8,000 duniani na kuua 774. Madaktari wa China na Hong Kong, mbele ya mapafu yaliyokuwa yakifungwa kwa siku chache, walitumia steroidi kwa dozi kubwa sana, na wengi walinusurika. Kisha nyonga zikaanza. Utafiti mmoja wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2005 uliwapima kwa MRI wagonjwa 254 na kukuta 12 wenye mifupa iliyokufa ya nyonga au goti. Waliopata chini ya gramu 3 hatari yao ilikuwa asilimia 0.6, waliopita gramu 3, asilimia 13. Namba hizi zilipatikana kwa sababu hospitali za Hong Kong ziliandika kila dozi ya kila siku. Pale ambapo dozi haikuandikwa, wagonjwa walikuwapo, ila ujuzi haukuwapo.

Janga la korona lilipofika, somo hilo lilikuwa mezani. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa jaribio la RECOVERY, wakiongozwa kutoka Oxford, walitangaza kwamba deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku kwa siku zisizozidi 10, iliokoa maisha ya wagonjwa waliohitaji oksijeni. Kiasi chote hicho ni sawa na takriban miligramu 400 za prednisoloni, moja ya tano ya kizingiti cha ARCO. Hata hivyo mwaka 2021 madaktari wa Mumbai waliripoti wagonjwa watatu wa korona ambao nyonga zao zilikufa baada ya wastani wa miligramu 758, chini sana ya gramu 2. Je, ilikuwa dawa, au virusi vyenyewe vilivyogandisha damu, au vyote? Jibu hutegemea mtabibu anaandika nini. Akiandika “kwa sababu ya dawa”, ni M87.1. Akisita, ni fungu jingine, na mjadala unabaki wazi, kama inavyostahili.

Utata wa namna hiyo tunao sisi wa Afrika Mashariki kwa wingi kuliko watu wa Minnesota. Selimundu peke yake huua vichwa vya mapaja ya vijana wetu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi duniani wenye ugonjwa huo. Virusi vya Ukimwi navyo vimo: mwaka 2002 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwapima kwa MRI watu 339 wenye virusi hivyo, wasio na maumivu yoyote, na kukuta 15 wenye nyonga zilizokwisha kufa, ilhali kati ya watu 118 wasio na virusi hawakumkuta hata mmoja. Matumizi ya steroidi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na kufa huko kwa mfupa. Kijana wa Mwanza mwenye selimundu, au mama wa Kisumu anayetumia dawa za kupunguza makali, akija akichechemea, swali la kipi kilichomwua mfupa si la kitaaluma tu. Linaamua dawa ipi iendelee na ipi isimamishwe.

Juu ya hayo tunayo steroidi isiyo na cheti. Prednisoloni na deksamethasoni ni dawa muhimu, na kwa kuwa ni rahisi kwa bei zinapatikana kila duka la dawa. Kutoka Dar es Salaam hadi Kinshasa wako wanaozimeza ili wanenepe, au kwa sababu zilichanganywa, bila kutajwa, katika unga wa “dawa ya viungo” wanaouziwa sokoni. Mtu huyo akiulizwa na daktari kama amewahi kutumia steroidi atasema hapana, naye atakuwa anasema kweli kwa kadiri anavyojua. Ugonjwa wake utaandikwa kuwa wa chanzo kisichojulikana, wakati chanzo kiko ndani ya mfuko wa nailoni nyumbani kwake.

Mifumo yetu ya kumbukumbu imepiga hatua, na ni haki kusema hivyo. Tanzania ina MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, tangu miaka ya 1990, na vitabu vyake vimefika hadi zahanati za vijijini. Kenya mwaka 2011 ilieneza nchi nzima mfumo wa kompyuta wa DHIS2 uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, na Tanzania ikafuata. Lakini vitabu vya MTUHA vilitengenezwa kuhesabu malaria, kuhara, nimonia na uzazi, na ilikuwa sawa vitengenezwe hivyo. Ugonjwa wa nadra huangukia safu ya magonjwa mengine na kupotea humo. Hata katika hospitali za rufaa zinazotumia orodha ya kimataifa, namba M87.1 ya Shirika la Afya Duniani hutaja sehemu ya mwili kwa tarakimu moja, 5 kwa eneo la nyonga na paja, 6 kwa mguu chini ya goti, na haisemi kulia wala kushoto. Dawa hutajwa kwa namba nyingine, Y42.0 kwa steroidi, ambayo mwongozo wenyewe unaiacha kwa hiari. Kosa la 733.4 bado linaweza kurudiwa kwetu kila siku.

Marekebisho ya kumi na moja, yaliyopitishwa mwezi Mei mwaka 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, yanatoa nafasi ambayo haijawahi kuwapo. Ndani yake namba huunganishwa: mfupa uliokufa, upande, dawa na namna ilivyodhuru vinaweza kushikamana katika mnyororo mmoja unaosomwa na kompyuta. Nchi zetu zitahamia huko moja baada ya nyingine. Naziomba wizara zinazotayarisha uhamaji huo zisinunue programu peke yake. Ziwaajiri na kuwafunza maafisa kumbukumbu, ziwape mamlaka ya kumrudishia daktari faili lisilo na upande wala chanzo, na ziunganishe masijala na fomu za kuripoti madhara ya dawa, kwa sababu mgonjwa ni yuleyule.

Nawe msomaji, kama wewe au mtu wako ametumia prednisoloni, deksamethasoni au dawa yoyote ya kunenepesha kwa wiki kadhaa, na sasa anaumwa kinena, paja au goti bila kuanguka, nenda hospitali na pakiti ya dawa hiyo mkononi. Sema ni lini ulianza, ulimeza vidonge vingapi kwa siku, na uliacha lini. Ila usiiache ghafla bila ushauri wa daktari, maana mwili uliozoea steroidi huweza kuzidiwa ukinyimwa kwa mara moja. Kisha mwombe daktari ayaandike yote hayo katika faili lako: jina la dawa, dozi, tarehe, na mguu upi.